Kompyuta ya duka ikiyumba baada ya kusasishwa: Chunguza kabla ya kununua nyingine

KOMPYUTA imechukua nafasi ya daftari katika maduka mengi ya pembejeo, vyama vya msingi vya ushirika na biashara ndogo za mijini na vijijini. Ndani yake kuna orodha ya wadaiwa, hesabu ya mbegu na mbolea zilizoko stoo, mauzo ya kila siku na barua za benki. Siku inapoanza kuganda na kujizima yenyewe, haumii mwenye mashine peke yake. Anaumia pia mkulima aliyekwisha kulipa deni lake na ambaye malipo yake hayajaandikwa mahali pengine.

Kuna chanzo kimoja cha usumbufu huu ambacho wengi hawakifikirii. Nacho ni kusasishwa kwa programu ya ubao mama, ile ambayo mafundi huiita bayosi.

Mashine ilikuwa nzima jana. Leo asubuhi imesasishwa, mchana imeanza kuonyesha skrini ya bluu. Mwenye duka anaambiwa "bodi imekufa" na anatafuta fedha za kununua nyingine. Mara nyingi bodi haijafa, ila hakuna aliyefuata hatua za kujua ni nini kimebadilika.

Bayosi ni nini?

Bayosi ni programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu iliyoko kwenye ubao mama. Huamka kabla ya Windows. Ndiyo inayoamua prosesa ipewe umeme kiasi gani, kumbukumbu ya muda, yaani ramu, iende kwa kasi gani, feni zizunguke vipi na mashine isome diski ipi kwanza.

Kampuni zinazotengeneza bodi hutoa matoleo mapya ya programu hiyo ili kuziba mianya ya usalama, kukubali prosesa mpya au kurekebisha kasoro. Kwa kompyuta nyingi za Dell, HP na Lenovo, toleo jipya linaweza kuingia lenyewe kupitia masasisho ya kawaida ya Windows. Hivyo mwenye duka anaweza kusema kwa moyo safi kwamba hakugusa kitu, na bado bayosi yake ikawa imebadilika.

Kisa cha prosesa za Intel

Anayetaka kuelewa uzito wa jambo hili atazame yaliyozikuta prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 za kompyuta za mezani. Kizazi cha 13 kiliingia sokoni Oktoba 2022 na cha 14 Oktoba 2023.

Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2024 malalamiko yalikuwa mengi. Programu zilikuwa zikifunga ghafla, mafaili yaliyobanwa yakishindwa kufunguka, na michezo ya kompyuta ikidai kwamba kumbukumbu ya picha imekwisha wakati ipo tele. Wengi walibadilisha kadi za picha na ramu bila mafanikio.

Uchunguzi wa Intel ulionyesha kwamba tatizo lilikuwa ni umeme. Katika maelezo yake ya Septemba 2024, kampuni hiyo ilitaja mambo manne. La kwanza, bodi nyingi zilipangwa kuipa prosesa nguvu kupita mwongozo wa Intel. La pili, kasoro iliyoiacha prosesa iendelee kukimbia kwa kasi ya juu hata ikiwa na joto kali. La tatu, maelekezo ya ndani ya prosesa yaliyokuwa yakiomba volti kubwa mara kwa mara na kwa muda mrefu. La nne, volti hizo kuombwa hata pale mashine ilipokuwa haina kazi au ina kazi nyepesi.

Volti kubwa ikikutana na joto huchakaza sehemu ya ndani ya prosesa. Ikishachakaa, prosesa huhitaji umeme mwingi zaidi ili kufanya kazi ileile, na isipoupata huyumba.

Dawa ilikuja kwa njia ya bayosi, na haikuja mara moja. Aprili 2024 kampuni za bodi zilitoa matoleo yenye mipangilio ya tahadhari, lakini mwezi uliofuata Intel ikasema mipangilio hiyo si ile inayoipendekeza yenyewe. Juni yalitoka marekebisho yenye namba 0x125. Agosti yakafuata ya 0x129, yaliyozuia prosesa kuomba volti zaidi ya 1.55. Septemba yakatoka ya 0x12B, na Mei 2025 yakaongezwa ya 0x12F.

Hayo ya mwisho yalilenga mashine zinazoachwa zikiwaka siku kadhaa mfululizo huku zikifanya kazi nyepesi. Mfanyabiashara atatambua kwamba hiyo ndiyo tabia ya kompyuta ya duka.

Jambo la kukumbuka ni kwamba marekebisho hayo yanazuia uharibifu, hayautibu. Prosesa iliyokwisha kuchakaa haiponi kwa bayosi mpya. Ndiyo maana Agosti 2024 Intel iliongeza udhamini wa prosesa husika zilizouzwa kwenye boksi kwa miaka miwili, kutoka mitatu hadi mitano tangu siku ya kununuliwa.

Mwenye kompyuta kuukuu ya ofisi, kwa mfano ya kizazi cha nne hadi cha 10, asiingiwe na hofu. Kisa hiki hakimhusu. Kompyuta mpakato nazo, kwa maelezo ya Intel, hazimo. Zilizoguswa zaidi ni i7 na i9 za vizazi hivyo viwili, pamoja na i5 ambazo namba yake inaishia na herufi K au KF. Kompyuta za aina hiyo zikifika katika soko la mitumba, mnunuzi aulize bayosi ilisasishwa lini na mashine imefanya kazi gani, kama anavyouliza umri wa trekta na saa zilizotembea.

Kwa nini mashine huyumba baada ya kusasishwa

Zipo sababu tano kubwa.

Kwanza, kusasisha hurudisha mipangilio mingi ya bayosi katika hali ya kiwandani. Kama fundi alikuwa amepunguza volti, amebadilisha mwendo wa feni au ameiwekea ramu kasi maalumu, kazi hiyo yote inaweza kufutika.

Pili, hali ya kiwandani si lazima iwe salama. Baadhi ya bodi hutoka zikiwa na mipangilio ya kusukuma prosesa kwa nguvu ili zionekane zina kasi kuliko za washindani.

Tatu, njia ya kusoma diski inaweza kubadilika. Windows iliyowekwa wakati diski ikisomwa kwa njia moja hushindwa kuwaka njia ikiwa nyingine. Skrini ya bluu inatokea, na mtu anadhani diski imekufa.

Nne, toleo jipya linaweza kuisoma ramu kwa namna tofauti na la zamani. Ramu iliyokuwa ikivumilia kasi kubwa kwa taabu inaanza kukosea.

Tano, prosesa inaweza kuwa ilikuwa mgonjwa tangu zamani. Bayosi mpya inapopunguza umeme, ugonjwa unajitokeza wazi. Hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kulilaumu toleo jipya na kurudisha la zamani. Kwa prosesa za Intel zilizotajwa, kurudi kwenye toleo lililotangulia Agosti 2024 ni sawa na kumrudisha ng'ombe kwenye malisho yaliyomwagiwa sumu kwa sababu tu kule alikuwa akila vizuri.

Hatua za kufuata

Kanuni ya kwanza ni ileile ya kitalu cha majaribio shambani. Ukibadilisha mbegu, mbolea na nafasi ya kupandia kwa msimu mmoja, hutajua ni kipi kilicholeta mavuno. Katika kompyuta vilevile, badilisha kitu kimoja, jaribu, andika matokeo, kisha nenda kwa kingine.

1. Usiharakishe kuzima. Baada ya kusasisha, mashine nyingi mpya huchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi kwa sababu zinaijaribu ramu upya, hasa zile zenye ramu ya DDR5. Iache robo saa kabla ya kuamua kwamba imekufa.

2. Okoa kumbukumbu za biashara. Kama mashine inawaka hata kwa dakika 20, nakili kwanza hesabu na orodha ya wadaiwa kwenye flashi. Kila kujizima ghafla kunahatarisha mafaili yaliyofunguliwa.

3. Andika dalili. Inazima ikiwa na kazi nzito au ikiwa imetulia? Baada ya dakika ngapi? Neno gani limeandikwa kwenye skrini ya bluu? Katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika perfmon /rel, kisha bonyeza Enter. Utaona kalenda ya matatizo ya mashine. Kama alama nyekundu zilianza kabla ya siku ya kusasisha, bayosi mpya si mkosaji. Kwa njia hiyohiyo ukiandika msinfo32 utaona namba na tarehe ya toleo la bayosi.

4. Ingia kwenye bayosi na urudishe mipangilio ya kiwandani. Kwenye bodi nyingi amri hiyo imeandikwa Load Optimized Defaults. Fanya hivyo hata kama bayosi ni mpya, kwani mabaki ya mipangilio ya zamani yanaweza kugongana na toleo jipya. Kwa prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, hakikisha pia umechagua ile inayoitwa Intel Default Settings.

5. Mashine isipowaka kabisa, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha toa betri ya duara ya CR2032 kwa dakika tano na uirudishe. Hatua hii huilazimisha bayosi kusahau mipangilio. Baada ya hapo weka upya tarehe na saa, kwani saa ikiwa na makosa hata tarehe za mauzo zitakosewa.

6. Ikiwa Windows haifiki mwisho, kagua namna ya kusoma diski. Kama ilikuwa RAID na sasa ni AHCI, au kinyume chake, irudishe ilivyokuwa. Usikimbilie kupiga Windows upya, kwani fundi asiye mwangalifu anaweza kufuta hesabu zako zote kwa tatizo la kubadilisha mstari mmoja.

7. Jaribu ramu. Zima mpangilio wa XMP au EXPO ili ramu irudi katika kasi ya kawaida. Weka programu ya MemTest86 kwenye flashi na uiache ifanye kazi usiku kucha. Jibu linalokubalika ni makosa sifuri, kwani hata kosa moja ni ushahidi. Likipatikana, jaribu kijiti kimoja kimoja na kila nafasi yake.

8. Pima joto na usafi. Vumbi la unga, la mbolea na la barabarani huziba feni za kompyuta za dukani. Bayosi mpya ikiwa imepunguza mwendo wa feni, vumbi lililokuwa likivumilika sasa linakuwa tatizo. Fungua, safisha, na uangalie kama feni zote zinazunguka.

9. Sasisha na madereva ya ubao mama kutoka tovuti ya mtengenezaji. Bayosi mpya na madereva ya zamani wakati mwingine havielewani.

10. Mashine ikiendelea kuyumba ikiwa na mipangilio ya kiwandani, ramu ikiwa safi na joto likiwa la kawaida, shuku pawa saplai na prosesa. Azima pawa saplai nzuri ujaribu nayo kwa siku mbili. Hilo lisiposaidia, na prosesa ni ya vizazi vilivyotajwa, dai udhamini.

Kuhusu udhamini, prosesa iliyonunuliwa ikiwa kwenye boksi lake hudaiwa kwa Intel au aliyeiuza. Iliyokuja ndani ya kompyuta nzima hudaiwa kwa mtengenezaji au muuzaji wa kompyuta hiyo. Katika hali zote mbili risiti na namba za mashine ndizo zitakazozungumza. Asiye na risiti hana pa kuanzia.

Je, unaweza kurudisha toleo la zamani? Wakati mwingine ndiyo, na kwa bodi isiyohusika na kisa cha Intel inaweza kuwa suluhisho la muda hadi toleo jingine litoke. Hata hivyo, bodi nyingine hukataa kurudi nyuma. Soma maelezo ya mtengenezaji kabla ya kujaribu.

Hesabu ya hasara

Tuseme duka la pembejeo linapata faida ghafi ya Sh80,000 kwa siku wakati wa msimu wa kupanda. Bila kompyuta, mauzo yanashuka kwa robo kwa sababu foleni inakuwa ndefu na bei zinatafutwa kwenye makaratasi. Hiyo ni Sh20,000 kwa siku. Mashine ikikaa kwa fundi siku sita, hasara ni Sh120,000 kabla ya kumlipa fundi.

Sasa tazama upande wa mikopo. Duka hilohilo limewakopesha wakulima 40, kila mmoja wastani wa Sh150,000 hadi mavuno. Jumla ni Sh6,000,000. Kama orodha imo ndani ya kompyuta tu na ikapotea, mwenye duka hatapoteza zote, kwa kuwa wapo waungwana watakaokuja kulipa. Lakini akipoteza robo tu, hiyo ni Sh1,500,000, zaidi ya mara 12 ya hasara ya siku sita za kusimama.

Takwimu hizo ni za mfano, na kila mtu aweke zake. Zinachoonyesha ni kwamba mali ya thamani kuliko zote dukani si bodi wala prosesa, bali ni orodha ya wadaiwa. Flashi moja inayonakiliwa kila jioni na kulazwa nyumbani inalinda fedha nyingi kuliko kompyuta mpya.

Kabla ya kusasisha

Anayetaka kuepuka safari ya kwa fundi azingatie haya:

Sasisha kwa sababu. Kuziba mwanya wa usalama, kurekebisha kasoro inayokuhusu au kuweka prosesa mpya ni sababu. Kuona tu kwamba toleo jipya limetoka si sababu ya kutosha kwa mashine ya kazi inayokwenda vizuri.

Chagua siku. Usisasishe siku ya mnada, mwisho wa mwezi au katikati ya msimu wa kununua mazao. Chagua siku ambayo mashine ikilala, biashara hailali.

Linda umeme. Umeme ukikatika wakati bayosi inaandikwa, mashine inaweza isiwake tena. Tumia UPS yenye betri nzima. Kompyuta mpakato iwe na chaji ya kutosha na iwe imechomekwa. Ikitokea ajali, bodi zenye kitufe cha kuandika bayosi kwa flashi zinaweza kuokolewa, na nyingine humhitaji fundi mwenye kifaa cha kuiandika chipu moja kwa moja.

Hakikisha jina la bodi. Bodi mbili zinaweza kufanana jina na kutofautiana namba ya toleo. Pakua faili kutoka kwa mtengenezaji pekee.

Piga picha mipangilio. Ingia kwenye bayosi na upige picha kila ukurasa kwa simu. Picha hizo zitakuonyesha diski ilisomwaje na ramu ilipangwa vipi.

Tafuta ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi za Windows hufunga diski kwa siri, na baada ya bayosi kubadilika zinaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi huwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mashine mara ya kwanza. Kama akaunti hiyo ni ya kijana aliyeondoka kazini mwaka juzi, mtafute leo kabla ya kusasisha. Bila ufunguo hakuna fundi atakayeifungua diski hiyo, na orodha ya wadaiwa itabaki humo ndani. Ukishaupata, simamisha BitLocker kwa muda, sasisha, kisha uirudishe.

Chama cha msingi chenye kompyuta moja kinaweza kuyaandika mambo haya kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani: tarehe ya kusasisha, toleo lililokuwepo, toleo lililowekwa, jina la aliyefanya kazi na mahali ilipo nakala ya hesabu. Katibu akibadilika, atakayerithi ofisi atajua mashine imetoka wapi. Na mwanachama akija kuuliza kilo zake zilizopokelewa, atajibiwa hata kama siku hiyo kompyuta haijawaka.